Kugawana gharama za sola kwenye nyumba ya wapangaji bila kugombana, hatua kwa hatua

Nyumba yetu iko Kimara, Dar es Salaam, tuko wapangaji sita kwenye mita moja ya LUKU, na kama umewahi kuishi nyumba ya namna hii unaijua ile kelele ya saa tatu usiku umeme ukikata, kila mtu anatoka mlangoni anauliza nani kamaliza uniti. Mzee mwenye nyumba akafunga sola juu ya bati, tukafurahi tukajua yameisha. Hayakuisha. Mwezi wa kwanza tuligawa bili ya sola sawa kwa sawa, 78,000 kwa watu sita, kila chumba 13,000, yani bibi wa chumba cha mwisho mwenye taa moja na redio akalipa sawasawa na mama anaegandisha barafu za kuuza. Bibi hakusema neno, alilipa. Siku tatu baadae napita usiku namkuta kazima taa kawasha kibatari, paneli ziko juu ya kichwa chake. Ndo hapo nikachukua daftari.

Haya ninayoandika ndo tuliyoyafanya mpaka tukaelewana. Bei za vifaa ni za kwetu, zako zitakuwa tofauti kidogo, we chukua namna ya kupiga hesabu.

Hatua ya 1: Kaeni chini mjue nani anatumia nini

Kabla ya kugusa hela. Pita chumba kwa chumba kwa adabu, usiende kama mkaguzi, andika vifaa na wati zake, mara nyingi zimeandikwa nyuma ya kifaa au kwenye kibandiko karibu na waya. Taa ya LED ni wati 9 hivi, TV ndogo ya inchi 32 inacheza kwenye 50, feni 50 mpaka 70, friji ya kawaida inakula karibu uniti moja kwa siku (uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa nzima). Pasi inaanzia 1,000 na birika la umeme linafika 1,500 au 2,000, hivi viwili ndo vinavyoangusha inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani) kila siku. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, ya hp 1, ni kama wati 750.

Kwetu ilitoka hivi: bibi taa na redio. Mimi bachela, taa mbili, feni, laptop, narudi usiku. Familia ya watoto watatu, TV inawaka toka shule inafungwa. Fundi cherehani, mashine ya umeme na pasi. Mama wa barafu na friza lake. Kinyozi kwenye fremu ya mbele, mashine, feni, TV, na taa kibao za kwenye kioo.

Ukimaliza hapo tayari unaona kugawa kwa kichwa au kwa chumba ni kumwonea mtu. Kuna wanaosema basi gawa kwa idadi ya watu wanaolala, nayo haiko sawa, familia ya watu watano inaweza kutumia nusu ya kinyozi mmoja.

Hatua ya 2: Fungeni mita ndogo kila chumba, na moja ya vitu vya wote

Hapa msibane hela. Bila mita mtaishi kwa kukisiana na kukisiana ndo kunazaa chuki. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo na breka yake, alafu iwepo mita ya saba kwa ajili ya pampu, taa za korido, taa ya choo na ya getini. Watu wengi hii ya saba wanaisahau, mwisho wa mwezi uniti zinapungua hesabuni na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Mita zikae koridoni, mahali ambapo hata mtoto anaweza kusoma, zisifungiwe ndani kwa mtu, hata kwa mwenye nyumba. Kazi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati), mana unacheza na inveta na laini ya TANESCO kwa pamoja, na ikikosewa umeme wa inveta unaweza kurudi kwenye nguzo wakati mafundi wa TANESCO wapo juu wanajua laini imezimwa. Huyo ni baba wa mtu.

Tarehe ya kuanza kila mtu apige picha mita yake na mita za wenzake.

Hatua ya 3: Jua sola yenyewe inagharimu kiasi gani

Watu wanasema jua ni bure. Jua bure, ila betri inakufa. Usipohesabu hilo mtafurahi miaka kadhaa alafu siku betri inagoma hakuna hata mia, na mnarudi gizani.

Mfumo wetu ni paneli 6 za wati 550, inveta ya 5 kVA, betri moja ya lithiamu ya kama uniti 5. Jumla milioni 6 na fundi ndani yake. Nikaigawa hivi:

Paneli, fremu za chuma, waya na kazi: 2,400,000. Hizi nimezipa miaka 20, kwaiyo 120,000 kwa mwaka.
Inveta: 1,400,000, miaka 8, ni 175,000 kwa mwaka.
Betri: 2,200,000, miaka 8, ni 275,000 kwa mwaka.

Kama mna betri za zamani za gel au za asidi msiziwekee miaka 8, wekeni 3 mpaka 5, na mjue zinataka mtumie nusu tu ya kilichomo ili zisife mapema.

Sasa ona. Inveta na betri peke yake ni 450,000 kwa mwaka, yani 37,500 kila mwezi lazima iwekwe pembeni. Ongeza 7,500 ya matengenezo, kuosha paneli (vumbi la barabara ya huku kwetu ni janga), kukata matawi ya mwembe, kumwita fundi. Hiyo ni 45,000 ambayo si faida ya mtu yeyote, ni chakula cha mfumo wenyewe. Kwenye ile 78,000 inabaki 33,000, hiyo ndo inayorudi kwa waliotoa mtaji.

Na uniti je? Paneli za 3.3 kW kwa jua la Dar siku nzuri zinaweza kutoa 13 hivi, toa zinazopotea kwenye inveta na betri na siku za mawingu, sisi tunahesabu 10 kwa siku, 300 kwa mwezi. Msitumie namba ya muuzaji, tumieni namba ya mita zenu baada ya miezi miwili mitatu.

Kwa kulinganisha, sisi tokeni za LUKU uniti moja inatutoka kama 356, kodi na tozo zikiwa ndani. Ile bei ya chini ya wanaotumia uniti 75 kushuka kwa mwezi nyumba ya watu sita kwenye mita moja huwa haiipati. Kwaiyo uniti 300 zingekuwa 106,800. Hii namba ya 356 ndo dari yenu, bei ya sola isiivuke kabisa, ikivuka watu watataka LUKU na watakuwa na haki.

Hatua ya 4: Gawa kwa mafungu mawili, hisa na uniti

Hapa ndo moyo wa jambo zima, soma taratibu.

Ukigawa kwa uniti peke yake, mtu aliyesafiri mwezi mzima halipi kitu, wakati betri ilikuwepo inamsubiri, taa ya korido iliwaka na maji yalipanda. Ukigawa kwa usawa peke yake unamrudisha bibi kwenye kibatari. Kwaiyo fanya vyote viwili, ila fungu la kudumu liwe dogo, na lisiwe sawa kwa wote, lifuate ukubwa wa breka ambao mtu amejichagulia. Anaetaka nafasi kubwa kwenye inveta alipie nafasi kubwa.

Sisi tuliweka: breka ya ampea 4 ni hisa 1, ampea 6 ni hisa 2, ampea 10 ni hisa 3. Bibi 1, mimi 1, familia 2, fundi cherehani 2, mama wa barafu 3, kinyozi 3. Jumla hisa 12, kila hisa 2,000, inakusanyika 24,000.

Inayobaki kufikia 78,000 ni 54,000. Uniti 300 zinazotoka kwenye sola ukizigawia 54,000 unapata 180 kwa uniti. Lakini 30 kati ya hizo zinakwenda kwenye pampu na korido, vyumbani zinaingia 270, kwaiyo 54,000 gawa kwa 270 ni 200. Ile 20 ya juu ndo maji na taa za wote, na anaetumia sana anachangia sana.

Mwezi wetu mmoja ulikuwa hivi:

Bibi, uniti 8: 2,000 + 1,600 = 3,600
Mimi, uniti 17: 2,000 + 3,400 = 5,400
Fundi cherehani, uniti 45: 4,000 + 9,000 = 13,000
Familia, uniti 50: 4,000 + 10,000 = 14,000
Kinyozi, uniti 60: 6,000 + 12,000 = 18,000
Mama wa barafu, uniti 90: 6,000 + 18,000 = 24,000

Jumlisha, 78,000 kamili. Kila mmoja nilimwonyesha pia angelipa ngapi kwa LUKU tupu pamoja na sehemu yake ya pampu na korido (zile 30 kwa vyumba sita, uniti 5 kila mmoja): bibi 4,628, mama wa barafu 33,820. Hakuna hata mmoja aliyeumia. Kipimo changu ni hicho, kama kuna mtu hata mmoja ambaye sola inamgharimu kuliko LUKU basi hesabu ina kasoro, rudi upunguze hisa uongeze kwenye uniti. Mi mwanzo niliweka kila chumba 4,000 sawa, na bibi ndo alikuja juu kuliko LUKU, nikafuta.

Chumba kikiwa hakina mpangaji hisa yake analipa mwenye nyumba. Msikubali igawanywe kwa waliobaki.

Hatua ya 5: Vitu vizito viwe na saa zake

Mita inapima hela lakini haizuii inveta kuanguka. Breka zetu zote ukijumlisha ni ampea 40, inveta ya 5 kVA inabeba kama 21, kwaiyo wote tukivuta kwa pamoja inazima nyumba nzima. Tulikubaliana pasi na pampu ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana jua likiwa kali, pampu ikiwaka pasi zinasubiri. Heta ya maji ya kuoga haiingii kwenye sola kabisa. Mama wa barafu anagandisha mchana, usiku anapunguza, friza likijaa barafu linajishikilia lenyewe mpaka asubuhi. Fundi cherehani akiwa na tenda ya sare za shule na anataka kupiga pasi usiku anaandika kwenye grupu la WhatsApp, tunaelewana, hatuko jela.

Kuvuta extension kwenda chumba cha jirani au nyumba ya pili, hapana. Akitaka kumsaidia mtu uniti zinasoma kwake na analipa yeye.

Hatua ya 6: Masika, na uniti za LUKU zinazoingia katikati

Hapa wengi wanakosea. Mita ndogo haijui uniti hii imetoka juani au TANESCO. Inveta yetu betri ikishuka inavuta LUKU yenyewe, na kuanzia Machi mpaka Mei inavuta kweli.

Fanya hivi. Tarehe moja ya mwezi soma mita zote saba, jumlisha. Soma na mita ya LUKU imepunguza uniti ngapi. Jumla ya mita ndogo toa uniti za LUKU, inayobaki ndo sola. Usihangaike na namba za kwenye kioo cha inveta, hazitalingana na mita na watu wataanza kukushuku bure.

Tuseme Aprili mmetumia zile zile 300 lakini 110 zimetoka LUKU. Sola ni 190, mara 180, ni 34,200. LUKU 110 mara 356 ni 39,160. Jumla 73,360, gawa kwa 270 za vyumbani, uniti ya mwezi huo ni kama 272. Hisa zinabaki vile vile. Bandika hesabu hiyo ukutani, watu wakiona mvua na wakaona na hesabu hawanuni, wanachonunia ni bei kupanda kimya kimya.

Kitu kimoja hapo hapo: toka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Angalia kwenye meseji ya tokeni, itoe kabla hujagawa, mwenye nyumba amrudishie aliyenunua.

Hatua ya 7: Mpangaji anahama, paneli hazihami

Hili linaumiza watu sana na nimeliona kwa macho yangu nyumba niliyokaa kabla ya hii, jamaa alichangia laki nne za sola, mwaka ukaisha akaambiwa mwanangu anarudi toka masomoni chumba kinahitajika, akaondoka na begi, hela yake ikabaki juu ya bati.

Kilicho bora ni mwenye nyumba atoe mtaji wote mana mali inabaki kwake. Kama hana yote, mchango wa mpangaji uhesabiwe kama mkopo, usiwe zawadi. Kwetu mzee alitoa 5,400,000, kinyozi na mama wa barafu kwa vile biashara zao zinategemea umeme wakatoa 300,000 kila mmoja. Kila mmoja anakatiwa 5,000 kwenye bili yake kwa miezi 60. Akihama mwezi wa 20 imebaki miezi 40, anarudishiwa 200,000 mkononi kabla hajakabidhi ufunguo. Mpangaji mpya akitaka kuichukua nafasi hiyo anaweza kumlipa yeye, mradi iandikwe.

Zile 10,000 za makato zinatoka kwenye 33,000, mzee anabaki na 23,000. Ni kidogo, na alilalamika, nami namwelewa. Nilimwambia betri na inveta hazitamgusa tena mfukoni, vyumba havikai wazi, na akitaka hela irudi haraka tunaweza kusogeza uniti mpaka 230 kwa makubaliano. Kisichokubalika ni kupandisha kodi ya chumba kwa sababu ya sola na hapo hapo kuuza uniti. Achague njia moja.

Hatua ya 8: Muandikishane, na hela isikae kwa mtu

Karatasi moja inatosha: nani alitoa ngapi, hisa za kila chumba, namna ya kupiga bei ya uniti, mkopo unarudishwa vipi, na siku ngapi za kuchelewa kabla breka haijashushwa (sisi tumeweka 7, na mgonjwa au mfiwa anasubiriwa). Saini za wote, mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ikiwa shahidi, nakala kila mtu. Na mpangaji mpya aisome kabla hajalipa kodi.

Akiba ya 37,500 isichanganywe na hela ya mzee wala ya mtunza daftari. Sisi tumefungua kikundi cha M-Koba (akiba ya kikundi kwenye simu), hela haitoki mtu mmoja akitaka, inataka wenzake wakubali. Salio natuma kwenye grupu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nikiambatanisha picha za mita saba, nazipiga na tochi ya simu ili namba zionekane vizuri, na siku nyingine namwita mtoto wa familia ya katikati anasoma kwa sauti mi naandika.

Mtu akisema mita yake inamwibia

Usibishane, pimeni. Kwenye mita ndogo kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa mfano 1600 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,600 ni uniti moja. Zima kila kitu chumbani, taa isipepese. Ikiendelea kupepesa kuna kitu kinavuta, labda waya umeunganishwa na chumba kingine. Alafu chomeka pasi ya wati 1,000 ikiwa ya baridi, hesabu kwa dakika moja, inatakiwa ipepese kama mara 27. Ikija 26 au 28 mita ni nzima. Ikija 40, badilisha mita na mrudishieni mtu hela yake ya nyuma.

Mama wa barafu ndo alikuwa wa kwanza kulalamika. Tulipima wote tumesimama koridoni, watoto wanahesabu kwa sauti, ikaja 27. Mita haikuwa na tatizo. Tukaingia ndani kuangalia friza, raba ya mlango imelegea upande wa chini, ukiweka mkono unasikia baridi inatoka, kumbe mota ilikuwa haipumziki hata mchana. Akabadilisha raba, mwezi uliofuata mita yake ikasoma 71.